Bwana Pole Hakunawa

Keza,

Umekwenda Remera kusukwa nywele, na huyo msusi wako namjua: anasuka kidogo, anaongea sana, hatakuachia kabla jua halijashuka. Basi nina mchana mzima wa kukuandikia bila wewe kusimama nyuma ya bega langu na kuniuliza, "Mama, leo unamtukana nani?" Leo namtukana mtu unayemjua. Utaisoma barua hii ndege ikiwa juu, mahali ambapo huwezi kunikatiza, na sikufichi kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kuandika badala ya kusema.

Habari za sweta, soksi, dawa za kichwa na watu wa kanisa walioko Dublin sitakugusia. Shangazi yako Domitila amekueleza zote, na yale uliyosahau atakupigia simu kesho ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mimi nataka kukueleza kazi ya mtu mmoja, tangu alipoianza hadi ilipomfikisha, kwa sababu keshokutwa utalala nyumbani kwake, na Jumamosi anataka upande naye jukwaani.

Wiki iliyopita ulinikuta jikoni nakoroga isombe, kisamvu chetu, ukanisomea ujumbe wake kwenye simu huku unarukaruka.

"Chumba bure, Mama. Bure kabisa! Unajua wanafunzi wanavyolala Dublin? Wanne chumba kimoja, na wa tano yuko mlangoni anasubiri mmoja ahame."

"Na yeye anataka nini?"

"Hataki kitu. Kazi ndogo ofisini kwake mwisho wa wiki. Na siku ya kuzindua kampeni niseme maneno mawili kuhusu Baba. Dakika tano tu."

"Kuhusu Baba, au kuhusu yeye na Baba?"

"Mama, wewe hata ukisalimiwa unatafuta upinzani."

Nilicheka, maana ni kweli. Halafu ukasema lile lililonizima. "Alikuja kumzika Baba. Waziri mzima, kutoka Ayalandi. Wenzako wa gazetini walikuja wangapi?"

Niliweka mwiko chini, nikakwambia uangalie wali usiungue. Wali haukuwepo jikoni siku ile. Sasa nakujibu.

Jina lake ni Fintan, lakini hapa nyumbani alikuwa Bwana Pole, na aliyempa jina hilo ni baba yako. Alifika Kigali angali kijana, miaka ile mji unajengwa upya, na sisi tumerudi kutoka Mwanza tukiwa na magodoro mawili na Kinyarwanda cha kuchekesha watu sokoni. Yeye na baba yako walifanya kazi ofisi moja, katika shirika la misaada ambalo jina lake halina faida kwako. Fintan alipewa nyumba Kiyovu yenye bustani na mlinzi. Baba yako alipewa kazi ya kumfasiria. Kwa miaka yote aliyokaa hapa alijifunza maneno matatu ya Kiswahili, na alitumia moja. Pole kwa mvua. Pole kwa foleni. Siku moja nilimpikia samaki, akala mpaka akalamba vidole, akaniambia, "Pole kwa samaki, Mama Keza."

Sitasema alikuwa mbaya. Alikuwa mchangamfu, alicheza muziki vibaya bila aibu, na mlipomwita alikuja. Siku hizo nilimpenda kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani anayevunja vikombe.

Jioni moja mezani kwetu baba yako alimuuliza mzee wake anafanya kazi gani huko kwao.

"Baba yangu anazika watu," Fintan akasema, na baba yako akafasiri kwa uso wa heshima.

"Ni padri?" nikauliza.

"Hapana. Ni mbunge."

Tulimtazama. Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufurahi. Kwao magharibi mwa Ayalandi redio ya wilaya husoma kila asubuhi majina ya waliofariki. Mzee wake anasikiliza akinywa chai, jinsi wengine wanavyosikiliza matokeo ya mpira, kisha anawasha gari. Anaingia kanisani, anapita benchi ya mbele akiwapa mkono wafiwa mmoja mmoja, anawaambia kila mmoja yale yale, pole kwa tabu yako, anaandika jina lake katika kitabu cha mlangoni kwa herufi kubwa, anatoka, anakwenda kwa marehemu mwingine.

"Na hao marehemu anawafahamu?" baba yako akauliza.

"Si lazima. Marehemu hapigi kura. Wanaopiga kura ni wale wa benchi ya mbele."

Baba yako alicheka mpaka akaweka glasi chini. Nami nilicheka. Lakini aliyecheka kuliko sote alikuwa Fintan mwenyewe, na hapo ningepaswa kushtuka, maana kicheko chake kilikuwa cha mtoto wa mwenye duka anayesimulia ujanja wa duka ambalo kesho litakuwa lake.

Likawa lake kweli. Mzee alifariki, na kwao kiti cha bunge hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, au kwa mjane, au kwa ndugu, kama shamba. Chama kikampigia simu Kiyovu. Alikuja kutuaga, na mimi, unanijua, nikamuuliza ana sera gani.

"Sera?" akasema. Akafikiri kwa dhati. "Nitatengeneza barabara ya kwenda makaburini. Ina mashimo sana."

Alipoondoka nilimwambia baba yako kwamba mtu yule hatafika popote, kwamba hakuna nchi yenye vitabu vingi kiasi kile itakayompa madaraka mtu mtupu kiasi kile. Niliandika hata makala gazetini, bila kumtaja jina, juu ya watoto wa wakubwa wa Ulaya wanaorithi viti huku wakitufundisha sisi utawala bora. Makala ilisifiwa sana. Wiki ile ile Fintan alichaguliwa.

Nikuambie jinsi wanavyochaguana, maana utaikuta kampeni inaendelea na itakuchanganya. Kwao huweki alama kwa mtu mmoja. Unawapanga wagombea kwa namba: huyu wangu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Wa chini akitolewa, kura zake humwendea yule wa pili aliyeandikwa na wapiga kura wake. Kwa hiyo mtu asiyependwa sana na yeyote anaweza kushinda, mradi asichukiwe na yeyote. Wapo waliolitumia jambo hilo kwa wema, wakaunganisha watu. Fintan alilifanya taaluma. Alijifanya chaguo la pili la kila mtu.

Nimesoma hotuba zake, Keza. Unajua nikianza kusoma siachi. Katika miaka yake yote bungeni sijapata sentensi moja ambayo ingemfanya mtu mmoja ainuke na kutoka chumbani. Jambo liliigawa nchi yake nusu kwa nusu, yeye akasema anawasikiliza wananchi. Likaisha, upande mmoja ukashinda, yeye akasema siku zote aliwasikiliza hao. Kila Jumamosi alikaa chumba cha nyuma cha baa, watu wakipanga foleni na shida zao: shimo la barabarani, kiti cha magurudumu cha bibi, nyumba ya halmashauri. Alimpigia simu ofisa ambaye alikwisha kupanga kumpa bibi kiti chake, akamuuliza kitatoka lini, kisha akakata simu na kumpigia bibi kabla ofisa hajampigia. Bibi mpaka leo anaamini kiti alipewa na Fintan. Huo ndio ustadi wake wote: kugonga mlango na habari njema dakika moja kabla ya mwenye habari.

Na hivyo ndivyo alivyopanda, kutoka kiti cha nyuma hadi kamati, kutoka kamati hadi unaibu waziri, na baadaye uwaziri kamili. Hakupandishwa hata mara moja kwa jambo alilolifanya. Kila mara ilikuwa wawili waliofanya kitu wamegombana, na anatafutwa wa tatu asiyemkera mtu.

Alikuwa naibu waziri baba yako alipofariki. Kilichomleta Kigali wiki ile si sisi. Alikuja kukata utepe katika kiwanda cha maziwa ya unga kule Masoro, na akiwa ndani ya gari mtu wa ofisi ya zamani akamwambia tunazika mchana ule. Akamwambia dereva apitie makaburini kwanza.

Nakupa haki yake yote, maana uliidai kule jikoni. Nilipomwona anateremka katikati ya makaburi, viatu vyake vya bei vikizama kwenye udongo mwekundu, nililia, na tangu asubuhi nilikuwa sijalia. Alitupa mkono sote, mpaka madereva, mpaka wachimba kaburi. Kila mmoja alimwambia pole kwa tabu yako. Akachutama mbele yako, akakushika mkono, na mpiga picha wa msafara wake akapiga ile picha iliyoko ukutani chumbani kwako. Wa gazetini kwangu walikuja wawili. Yule mwenzangu niliyemtetea kwa miaka, niliyegombana na nusu ya mji kwa ajili yake, alituma ujumbe wa simu wenye kosa katika jina la baba yako.

Kwa hiyo ndiyo, Fintan alikuja. Lakini siku ile haikuishia makaburini, na kilichofuata sijawahi kukusimulia.

Tulirudi nyumbani. Unajua tunavyofanya: mtu hatoki kaburini akaingia uani kabla ya kunawa. Madumu ya maji yalikuwa getini, mabeseni mawili, na vijana wa kumiminia watu. Mnanawa, mnaingia, mnakaa, mnakunywa chochote kilichopo, anasimama aliyemfahamu marehemu, anasimulia, mnacheka kidogo kwa aibu, na hapo ndipo maziko yamekwisha. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulilia ukitaka nawe umimine maji. Shangazi Domitila akakupa jagi la plastiki la buluu. "Mwacheni afanye kazi," akasema, "akikaa bure atawaza."

Fintan alifika hadi getini. Akatazama saa. Akaanza kuaga, na kuaga kwake ni kutoa mkono, kwa hiyo akaipa mkono tena mikono ile ile aliyoishika makaburini, ambayo sasa ilikuwa imenawa na bado inadondoka maji. Alipofika kwa wa nne au wa tano akajitazama kiganja. Akatoa leso mfukoni akajipangusa maji yetu. Kisha akaelekea kwenye gari.

"Ariko, jamani," shangazi yako akasema, "mgeni wenu anakwenda wapi na mikono ile?"

Baba yako mdogo akamjibu, "Ana utepe Masoro."

"Utepe? Nani kafa huko?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Mwache, ni mzungu. Kwao hawana desturi hii."

"Kwao hawana maji?"

Na wewe ukakimbia. Hakuna aliyekutuma. Ulitoka getini umeshika jagi kwa mikono miwili, ukashika ile barabara ya vumbi, unaita, "Bwana Pole! Bwana Pole!" Gari lilikwenda taratibu kwa sababu ya mashimo, ukalifikia, ukagonga kioo cha nyuma. Alikuona. Nilikuwa nimesimama getini, Keza, nilimwona anavyokuona. Akakupungia mkono, ule upungaji wao wa vidole vilivyobanana, akamwambia dereva neno, gari likaongeza mwendo. Maji yalikumwagikia kwenye viatu vya Jumapili.

Ulirudi ukaniambia, "Mama, nilimfikia, lakini hakufungua." Halafu ukajaza jagi tena, ukawamiminia waliobaki mpaka wa mwisho.

Nilitegemea utakumbuka. Hukukumbuka. Ulipokua ulikumbuka picha, kwa sababu picha ipo ukutani, na kwa kuwa ilikufariji niliiacha pale. Niliwaza: mtoto amefiwa na baba, aachiwe mgeni mmoja aliyechutama.

Najua utakachosema: Mama, hakujua. Nami nilijiambia hivyo hivyo, usiku ule na miaka kadhaa baadaye. Lakini alijua. Alipozikwa bibi yako, mama wa baba yako, Fintan alikuwa bado anakaa Kiyovu. Baba yako alimweleza yote, akamsimamisha kwenye beseni, naye Fintan akanawa, akakaa nasi kwenye mkeka mpaka jioni akinywa pombe ya mtama na kuuliza habari za marehemu. Alifanya vizuri sana siku ile. Siku ile hakuwa na utepe.

Ningelimezea. Watu wanaondoka misibani mapema, dunia haianguki. Ila ngoja usikie alivyolitumia.

Alipopewa uwaziri kamili, watu wanaoomba hifadhi waliwekwa chini ya wizara yake. Katika wilaya yake kulikuwa na hoteli iliyofungwa, ikatakiwa iwapokee. Wapiga kura wake wakasimama langoni na mabango ya kuwakataa. Na yule ambaye hakuwahi kumkera mtu akatazama langoni akaona mabenchi ya mbele ya kila msiba aliowahi kuhudhuria. Akawahamisha wale watu, na watoto wao, akawaweka kwenye mahema uwanjani, katika wilaya nyingine ambayo haimpigii kura.

Nilitazama kikao cha bunge lao kwenye kompyuta kule ofisini, ile ghorofa ya pili pale Sonatubes, madirisha wazi, pikipiki zinapiga honi chini. Mbunge mmoja mwanamke alimuuliza kama ana aibu. Fintan akainuka, akagusa tai. Akasema hakuna wa kumfundisha habari za Afrika. Akasema alisimama penye kaburi Kigali akamzika mtu aliyekuwa ndugu yake, akamshika mkono binti wa mtu huyo, akakaa na familia mpaka mwisho. Upande wake wote ukampigia makofi.

Mpaka mwisho.

Baba yako alizaliwa mkimbizi, Keza. Alikulia katika nchi ya wenyewe, kwa sababu kuna watu wa kawaida Mwanza walisogea kwenye benchi wakampa nafasi. Na sasa kaburi lake lilikuwa linatumika kuwasukuma wakimbizi wengine kwenye tope. Nilipiga kelele. Nadhani hata wale wa pikipiki walisikia. Kisha nikampigia simu. Hukuwepo, ulikuwa shule.

"Mama Keza! Pole, ni siku nyingi!"

Tuliongea Kiingereza, lakini pole yake ilikuwa bado ipo.

"Fintan, ulikaa mpaka mwisho wa nini?"

"Samahani?"

"Msibani kwangu. Umewaambia watu ulikaa mpaka mwisho."

"Ni namna ya kusema tu. Unajua siasa."

"Na wale walioko kwenye mahema, nao ni namna ya kusema?"

"Mama Keza, ningepoteza kiti."

"Halafu?"

Hakuelewa swali. Nakuapia hakuelewa. Nilimsikia anatafuta huko ndani jibu, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua hauna kitu. Mwishowe akasema tena, polepole, kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto: "Halafu ningekuwa nimepoteza kiti."

Nilikata simu nikakaa. Kwa miaka nilikuwa natafuta ndani yake mtu mwovu wa kupambana naye, na hakukuwa na mwovu. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kiti kilichovaa suti.

Na unajua kilichomtokea. Uchaguzi uliofuata, wale wale aliowaondolea wakimbizi wakamchagua kijana aliyepiga kelele kuliko wote pale langoni. Kwa nini umpe kura anayeona aibu kukupa unachotaka, wakati yupo anayekupa bila aibu? Chaguo la pili la kila mtu akafika siku ya kuhesabu akakuta si chaguo la kwanza la yeyote. Nilifurahi, sina haja ya kujificha. Nilimnunulia shangazi yako soda. Na sasa anataka kurudi, na safari hii washauri wake wamemwambia vijana wa mijini wanatafuta mtu mwenye moyo. Kwa hiyo anahitaji kaburi tena. Safari hii kaburi lina miaka ishirini na miwili, linaongea Kiingereza kizuri, na linakaa chumba cha bure.

Sasa nikuambie jambo ambalo sipendi kukuambia.

Mwaka mmoja kabla hajafa, baba yako alinikuta namcheka Fintan gazetini, nimeshika kalamu, nimefurahi. Akaniambia, "Mama Keza, wewe unamcheka, lakini Fintan hufika. Wewe ukimkasirikia mtu hufiki." Nilimjibu kwa maneno makali, nilikuwa nayo mengi. Lakini mwaka ule alikuwa amefariki mama wa mhariri niliyegombana naye, na mimi sikwenda kuzika, nikajiona shujaa wa msimamo. Kumdharau mtu kulinipa raha ya aliyekaa kitini. Wakati mimi napumzika juu ya dharau yangu, mpumbavu wangu alikuwa barabarani anakwenda msiba wa tatu wa siku. Ndiyo maana yeye alitawala na mimi nikasifiwa.

Tangu tulipomzika baba yako huwa nakwenda. Nimewazika watu niliowararua gazetini, nimenawa kwenye mabeseni ya watu waliokuwa hawanisalimii, nimekaa mpaka masufuria yameoshwa. Wengine walinitazama kama nimekuja kuhakikisha kweli amekufa. Nilikaa. Hicho ndicho kitu pekee nilichojifunza kwa yule mtu, nacho alinifundisha kwa mgongo wake, anaondoka.

Na usidhani sijioni. Nimekaa hapa kurasa hizi zote nimesimama juu ya kaburi lile lile, nami natafuta kura, yako. Ndiyo maana sikukatazi. Nikikukataza utakwenda, nakujua, umetoka kwangu. Chumba ni chumba, na mvua ya Dublin wanasema si ya kulala nje. Kalale kwake. Kula viazi vyake. Mkewe wanasema ni mwanamke mzuri, msalimie. Ila hizo dakika tano ni zako na za baba yako, na sitakuandikia hata neno moja la kusema humo, wala la kukataa kusema.

Nimeweka kitu kwenye begi lako, chini ya yale mashuka. Shangazi yako anasema nimerukwa na akili, begi lina kilo zake na mimi napakia plastiki. Rangi yake ya buluu imepauka, mpini una ufa, lakini halivuji, nimelijaribu leo asubuhi.

Ukifika kwake, kabla hujakaa, kabla hujapewa chai, kabla hajakuambia umekua, lijaze maji. Simama naye pale mlangoni, ulishike kwa mikono miwili kama ulivyolishika. Usimweleze kitu. Alishaelezwa na mfasiri bora kuliko wewe.

Akinyoosha mikono, mmiminie. Miminia taratibu, mpe na taulo, kisha kaeni, mwambie akusimulie habari za baba yako mpaka jioni, maana anazo nyingi, na zingine mimi sizijui. Baada ya hapo mkitaka kupanda jukwaani pandeni. Mimi nitatazama kule ofisini Sonatubes na kufunga mdomo, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Akikuuliza jagi hilo ni la nini, basi umejibiwa. Chukua begi lako uende kwenye chumba cha watu wanne, uwe wa tano. Mimi na shangazi yako tutajua la kufanya.

Na akikupungia mkono akaenda zake, safari hii usimkimbilie.

Mama yako